Hadithi Tatu na Barua Arobaini na Moja

Nakivale,
kwa njia ya duka la Edirisa,
Nyamityobora, Mbarara,
Uganda.

Jumapili, 27 Desemba 1987

Mpendwa Shangazi Asumini,

Mwaka umebakiza siku nne. Kabla sijashika kalamu nimeapa kwamba barua hii itakueleza yote, pamoja na yale ambayo ningependa usiyajue. Kwa hiyo ukifika mahali ukahisi hasira inapanda, tafadhali usiikunje. Soma hadi mwisho, halafu ukasirike mara moja tu.

Shikamoo, Shangazi. Assalaam alaykum. Goti lako linaendeleaje? Katika barua ya Septemba ulisema unalisugua kwa mawese ya moto kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Mama anauliza kama ni mawese matupu au kuna dawa unayochanganya, maana naye bega linamsumbua. Mzee Hamimu hajambo? Na wale mapacha wa jirani yako, wameshaanza kutembea?

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Kikohozi cha Baba kiliondoka pamoja na vumbi, mvua ilipoanza. Kabla ya Krismasi alipata kazi nyingi za magauni hata akaniita nimsaidie kushona vifungo. Buruhan ameng'oka meno mawili ya mbele. Sasa anamwita Mama mdogo Safiyah "Mama mdogo Thafiya," na ukimcheka anatoka nje kwenda kukaa na ndama wa jirani.

Mtihani wa darasa la saba nimeumaliza. Naona nilijibu vizuri, isipokuwa swali moja la hesabu lililohusu mabomba mawili yanayojaza tangi moja. Mpaka leo najiuliza kwa nini wasifunge bomba moja. Matokeo hayajatoka.

Sasa niingie katika jambo lenyewe.

Unakumbuka daftari lile lenye jalada jekundu ulilonitumia Desemba iliyopita kwa mkono wa dereva wa Bukoba. Ndani ya jalada uliandika mwenyewe: "Hadithi kumi na mbili, moja kila mwezi. Desemba tutahesabu." Nami nikakujibu kwamba zitatimia, tena nikalipigia neno "zitatimia" mistari miwili chini yake. Wewe na Baba mkakubaliana kwamba nikitimiza nitakuja Ujiji kukaa nawe na kuendelea na masomo, na nisipotimiza nitabaki hapa nijifunze cherehani. Baba husema kazi ya kushona haina aibu, na ni kweli, ndiyo iliyotulea. Lakini Shangazi, mimi nikikaa mbele ya cherehani nashikwa na usingizi.

Desemba imefika. Nimehesabu. Hadithi ni tatu.

Ya Januari inahusu mfalme wa kisiwa cha dhahabu. Ya Februari inahusu binti wa Ulaya aliyepotea katika theluji. Ya Machi inahusu nahodha, na meli yake inazama ukurasa wa pili kwa sababu sikujua afanye nini kingine. Hiyo ya mfalme nilimsomea Baba alipokuwa akikata suruali. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na huyu mfalme anakula nini?"

Sikujua.

"Nani anamfulia?"

Sikujua pia.

"Basi bado hujaonana naye," akasema, akaendelea na suruali yake.

Nilinuna siku mbili. Aprili nikapata malaria, sikuandika kitu. Mei, shule zilipofungwa, Mama akanipeleka Mbarara kumsaidia Mama mdogo Safiyah aliyekuwa amejifungua. Huko ndiko mambo yalikopinda.

Unajua mumewe, Baba mdogo Edirisa, ana duka la vitambaa na vitu vidogo vidogo pale Nyamityobora. Binti yao Zam ni wa rika langu, na hana siri hata moja. Askari wa kambini huja pale kununua sabuni na betri. Wao kwa wao huzungumza Kiswahili, kwa kuwa mmoja ametoka Rukungiri, mwingine Arua, na mkubwa wao kwingine kabisa. Siku moja Zam akamwambia askari mmoja kwamba dada yake aliyeko ndani anaandika Kiswahili kama cha redio. Yule askari akaniita. Ni mtu mzima, kichwa kimeanza kupata mvi, jina lake Naboth.

"Wewe musichana, ni kweli unajua kuandika barua?"

"Ninajua, afande."

"Mimi si afande. Afande ni ule natakia barua. Yeye iko safari, upande ya Fort Portal. Andika: bibi yangu iko mugonjwa, iko Ruharo hospitali wiki mbili sasa. Mimi naomba ruhusa siku saba. Basi. Usiweke maneno mingi."

Karatasi ya barua ilikuwa imekwisha dukani, nikachana ukurasa wa nyuma wa daftari lako. Nisamehe. Nilifikiri ni mmoja tu.

Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua ya kuomba ruhusa isimwache msomaji akibahatisha. Nilikumbuka hilo. Nikamtazama Naboth na mvi zake, nikajiambia kwamba bibi wa mtu mzima hivi lazima awe mkongwe kupindukia, na afande angeona huruma zaidi akielezwa. Kwa hiyo nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Kwa heshima na taadhima, nasikitika kukuarifu kwamba bibi yangu, yaani mama aliyemzaa baba yangu mzazi, ambaye ni mkongwe sana, amelazwa hospitalini Ruharo." Naboth hasomi vizuri. Alitazama mistari jinsi ilivyonyooka, akafurahi, akatia sahihi.

Baada ya siku tisa akarudi. Alisimama mlangoni mwa duka na kikaratasi mkononi, na mwenzake aliyemsomea akiwa nyuma yake, amejiziba mdomo.

"Iko wapi ile karani?" Naboth akasema. "Nani alikwambia mama ya baba yangu iko Ruharo? Ule alikufa wakati ya Wazungu! Mimi sikumuona hata siku moja!"

Nikamwambia, "Lakini wewe mwenyewe ulisema bibi yako."

"Ndiyo, bibi yangu! Bibi! Enid! Mama ya watoto yangu!"

Hapo Zam akaanguka juu ya magunia kwa kicheko. Mwenzake Naboth akanipa kile kikaratasi nisome mwenyewe. Afande alikuwa amejibu hivi: "Pole. Lakini huyo ni mzee sana, mwache apumzike. Ruhusa hakuna. Wewe una bibi yako nyumbani, mtume aende kumtunza."

Naboth naye alicheka kidogo, maana mwenzake alikuwa hawezi kujizuia. Halafu akaacha kucheka, akakaa kwenye ngazi ya duka. Enid alikuwa amepasuliwa macho. Alilala pale Ruharo na bandeji usoni, watoto wako kwa majirani kambini, na ilibaki wiki moja tu bandeji ifunguliwe. Yeye Naboth alikuwa mlinzi wa ghala, anaweza kuchungulia hospitali saa moja tu kisha akimbie kurudi. "Anauliza mimi iko wapi," akaniambia. "Naambia yeye, barua inakuja. Sasa nitaambia yeye nini?"

Shangazi, sijawahi kusikia aibu kama ile. Mtihani nikikosa, nakosa peke yangu. Pale nilikuwa nimekosa, na aliyekuwa akilipa ni mwanamke aliyelala gizani, hata hanijui.

Nikamwomba Baba mdogo ruhusa, nikaenda Ruharo na Naboth siku ile ile. Enid alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya blanketi. Naboth akamweleza kosa langu lote, bila kuacha kitu. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Kumbe mimi ni mama ya baba yako, Naboth? Basi kuanzia leo unisalimu kwa magoti." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Kisha akaelekeza uso wake upande nilikokuwa. "Mwalimu, andika tena. Andika: huyu ni bibi, ile ya kuzaa watoto. Andika mimi nataka yeye akuwe hapa siku nafungua macho. Kama sioni kitu, nataka aniambie yeye, si daktari."

Nikaandika hivyo hivyo. Ilikuwa mistari mitano. Nikawasomea mara tatu, neno kwa neno, na kila mara niliuliza: ndivyo ulivyosema? Ndivyo unavyotaka asikie? Barua ile ilipelekwa na lori la kambi, na kabla ya wiki kwisha Naboth alipewa siku tano.

Bandeji ilipofunguliwa jicho moja liliona. La pili linaona mwanga tu. Nilikwenda kumwamkia Enid kesho yake, akanitazama muda mrefu. "Ala! Wewe ni mutoto mudogo hivi? Mimi nilifikiri niko na mwalimu muzee!"

Tangu siku ile walianza kuja, Shangazi. Wake wa askari, wachuuzi wa sokoni, hata dereva mmoja aliyetaka kumwomba radhi mama mkwe wake na akabadilisha mawazo mara nne. Walikuja bila karatasi, na daftari lilikuwa karibu. Niliporudi Nakivale, Zam akawa ananitumia watu huku huku. Mpaka leo ni barua arobaini na moja. Najua idadi kwa sababu kila barua niliweka alama moja kwenye jalada, chini ya maandishi yako.

Kila nilipoandika nilisikia neno nililodhani nalijua likisema kitu kingine. Nikaanza kuyaandika, pamoja na nakala za baadhi ya barua, katika kurasa zilizobaki. Sasa ninayo mia moja sitini na tatu. "Bibi" ndilo la kwanza. La pili ni "posho": kwenu umeniambia ni malipo ya safari au mgao wa mtu, hapa ni ugali kwenye sahani. La tatu ni "dodo," na hili utacheka. Unakumbuka ulipoandika kwamba unatutumia dodo kikapu kizima? Mama alishangaa wiki nzima, mtu atasafirishaje mchicha kutoka Ujiji bila kunyauka. Hapa dodo ni mchicha. Kikapu kilipofika kikanukia maembe, Mama akasema, "Asumini amesahau kuweka mboga."

Najiuliza sana kuhusu maneno haya. Nani alikuwa wa kwanza kuligeuza neno? Alikosea, na wengine wakamfuata kwa heshima? Au alihitaji neno upesi, na hilo ndilo lililokuwa karibu na mkono? Na linapogeuka, linageukia wapi hasa? Kuna kijiji fulani, mto fulani, ambapo mume anasema "bibi yangu" na nusu ya watu wanamwonea huruma kwa uzee wa mwanamke huyo? Ningependa kutembea kutoka hapa hadi Ujiji nikiuliza mlango hadi mlango.

Kuna kosa jingine ninalolifanya kwa makusudi, na hili ndilo ninaloogopa zaidi macho yako ya ualimu. Agosti tulipata jirani mpya, Mama Nsimire, ametoka Bukavu. Alinitaka nimwandikie mwanawe aliyeko Kampala. Akasema: "Mwambie huku niko na fasi muzuri ya kulala, watu bako mingi, asinililie." Mkono wangu ulikuwa umeshaandika "nina mahali pazuri pa kulala." Nikakata. Nikaandika fasi, nikaandika bako mingi, kama alivyosema. Nilifikiri, mwanawe akisoma "mahali pazuri pa kulala" atajua kuna mtu kati yake na mama yake. Bado hajajibu. Mama Nsimire huja kila Ijumaa kuuliza, nami namsomea nakala yake tena. Ungeisahihisha kwa wino mwekundu, Shangazi? Au ungeiacha?

Nikuambie na lile baya. Mtihani ulipokwisha, Zam alikuja kututembelea. Akaniambia, "Wewe unalia nini? Bado hadithi tisa, andika fupi fupi. Shangazi yako atahesabu vichwa vya habari, hatapima kwa rula." Nikamsikiliza. Kwa siku mbili niliandika nne: sungura, mwizi, yatima, mwizi tena. Nilipomsomea Buruhan ile ya pili ya mwizi, alinyanyuka katikati akaenda kwa ndama. Nikazisoma mwenyewe. Hakuna mtu ndani yake aliyekula kitu chochote. Nikazichana, na Mama akaziwashia moto wa chai. Sasa sikusudii kukuficha, lakini kwa siku zile mbili nilikusudia.

Baba ana desturi, labda unaijua tangu mkiwa Biryogo, kabla ya ukimbizi. Akishona suruali ya mtoto, huacha upindo mpana ndani ya mguu, ili ikunjuliwe mtoto akirefuka. Suruali bila upindo huivaa mwaka mmoja, halafu inakuwa ya mdogo wake. Nilipokuahidi hadithi kumi na mbili, nilikata kitambaa bila upindo. Nilijua idadi kabla ya kujua ninataka kuandika nini. Najua utasema upindo huo ni jina jingine la uvivu. Nimejiuliza hilo pia, usiku na mchana, na sina hakika. Ninachojua ni kwamba mwezi wa Machi niliandika bila kumuuliza mtu yeyote lolote, na sasa siwezi kuandika mstari bila kuuliza.

Kwa mwaka ujao sijaweka idadi. Nimeandika tu kwamba ninataka hadithi moja, ya mwanamke aliyefungwa macho anayengoja kujua nani atakuwa wa kwanza kumwambia kama anaona. Enid amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba katika hadithi aone kwa macho yote mawili. Sijui kama nitatimiza sharti hilo. Huenda itakuwa hadithi fupi, huenda itakula daftari zima, huenda kufikia Juni itakuwa imekuwa kitu kingine. Je, wewe ulipokuwa na miaka kumi na mitano ulijiahidi nini? Ilikuwaje ulipofika Desemba? Hujawahi kutueleza.

Sasa Baba. Amesoma daftari lote, barua nilizonakili na maneno pia. Hakusema limefaa wala halikufaa. Alisema, "Ahadi ulimpa Asumini, si mimi. Yeye ndiye aseme." Akisikia ndiyo kutoka kwako atanipeleka mwenyewe hadi Bukoba na kunipandisha meli. Akisikia hapana, atanitolea kiti cha pili barazani, mbele ya cherehani, wiki shule zitakapofunguliwa Februari. Barua huchukua wiki tatu kufika kwenu, na nyingine tatu kurudi. Nimehesabu siku, zinatosha kwa shida.

Ukisema hapana sitakulaumu. Nitajifunza kushona kwa moyo, na jioni nitaendelea kuwaandikia watu barua zao. Hilo sitaliacha, hata wewe ukiniambia niliache, na afadhali ulijue sasa kabla hujanipokea.

Baba anakusalimu na anasema cherehani uliyomwachia bado inakwenda. Mama anakusalimu, anangoja jibu la mawese. Buruhan anakuthalimu. Mama mdogo Safiyah, Baba mdogo Edirisa na Zam wanakuamkia, na mtoto wao Kaudha sasa anatambaa. Nisalimie Mzee Hamimu na majirani wote wanaonikumbuka katika dua. Mungu akupe afya, alipe goti lako wepesi, na ayabariki macho yako yanayosahihisha madaftari ya watoto wa watu.

Shangazi, jibu langu liandike siku utakayopata barua hii, hata kama ni neno moja tu. Mwaka jana nilikuahidi msichana wa hadithi kumi na mbili. Nimemtafuta mwaka mzima, hakupatikana. Aliyepatikana ni huyu anayekuandikia. Je, nimlete?

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Mwamini